Clunk Moja, Halafu Kimya

Nilipoaga kazi, meneja aliniomba niwaandikie ninyi mafundi mnaobaki mambo mawili matatu kuhusu mashine ya kusoma hitilafu, kwa kuwa ndiyo mnayoishika kutwa. Nilijaribu. Nilipofika ukurasa wa pili nikakubali kwamba mashine ile mnaijua kuliko mimi. Basi nitawaandikia kuhusu neno moja la Kiingereza ambalo wateja wataendelea kuwaletea hata magari yajazwe kompyuta kiasi gani. Neno lenyewe ni clunk. Lilinichukua miaka kulielewa, na nilipodhani nimelimaliza ndipo lilipoanza kuniaibisha.

Nilifika hapa Bladensburg, jimbo la Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tayari nina mvi, nina cheti cha kidato cha nne na miaka mingi ya kutengeneza matrekta na malori ya mashamba ya mkonge kule Tanga. Gereji yetu mnaijua. Wakati huo paa lilikuwa linavuja upande wa ofisi, na lile shimo la ukaguzi mnalolifunika mbao na kupanga matairi juu yake lilikuwa bado linafanya kazi. Fundi mkuu alikuwa Otis, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa hapo hapo, mrefu, mwenye maneno machache, aliyevaa kofia ya sufu hata katika joto kali la Julai. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama makovu ya vidole, kisha akanionyesha ndoano ya kutundikia koti.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa ofisini, ana haraka, amebeba kahawa. Alisema akirudi nyuma kutoka kwenye maegesho gari lake linafanya clunk. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Shuleni tulifundishwa kwamba mbwa hubweka na jogoo huwika, tukafundishwa pia kengele inavyolia, na hapo ndipo Kiingereza cha milio kilipokoma. Jioni nilifungua kamusi ya binti yangu Zuhura. Ikaniambia ni mlio mzito wa vyuma vinavyogongana. Nikaifunga. Chini ya gari kuna nini kingine zaidi ya vyuma vizito?

Kesho yake nilimuuliza Otis. Alichukua nati ndogo, akaiangusha sakafuni. Ikalia kwa sauti nyembamba yenye mwangwi. "Clink," alisema. Akachukua spana kubwa, akaiangusha. Ililia kwa kelele, na ule mlio ukabaki hewani kidogo kabla ya kufa. "Clank." Kisha akainua ngoma ya breki ya lori, akaniambia nisogeze miguu, akaiachia juu ya ubao mnene. Mlio ulikuwa mmoja, wa chini, mfupi, haukubaki hewani hata kidogo. Alinitazama, akangoja.

"Clunk," nikasema.

"Umesikia ilivyokufa hapo hapo?" alisema. "Clunk haiimbi. Kitu kizito kilikuwa na nafasi ya kusogea, kikasogea, kikafika. Wewe usitafute mlio. Tafuta ile nafasi."

Gari la yule mama lilikuwa na kishikio cha injini kilichokatika mpira. Injini nzima ilikuwa inasogea kila alipoingiza gia ya kurudi nyuma, inafika, inatulia. Kizito, nafasi, kufika. Niliona kama mtu amenifungulia dirisha.

Tangu hapo nilianza kulifuatilia lile neno kwa udadisi ambao hata leo siwezi kuueleza vizuri. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatupungukiwi na milio. Nazi ikianguka ni pu, kijiti kikivunjika ni ka, mlango ukigongwa ni ngo ngo. Ila sisi mlio tunauacha ulivyo. Tunasema mlango ulilia ngo, na ngo yenyewe inabaki pembeni ya sentensi kama mgeni aliyekataa kuvua viatu. Wazungu wanauvalisha mlio nguo na kuupa kazi. Kuna clunk, kitu unachoweza kukihesabu. Kuna kitendo chake, gari lili-clunk jana, lina-clunk leo. Gari bovu lenyewe linaitwa clunker, kana kwamba ubovu wote wa dunia umeingia katika mlio mmoja. Mteja mmoja wa mambo ya kompyuta, wakati anasubiri breki, aliniambia programu wanayotumia kazini kwake ni clunky. Nikamuuliza kama inapiga kelele. Alifikiri natania.

Zuhura ndiye aliyenifafanulia. Alikuwa anasoma chuo kule Annandale, jimbo la jirani la Virginia, na kama watoto wetu wengi alielewa kila ninachosema, ila alinijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nimemwandikia barua mwenye nyumba wetu, nikampa aisome. Akasema imekaa clunky kidogo.

"Barua inaliaje?" nikamuuliza.

Alisema hailii. Ila maneno ni mazito na hayajashikana, kwa hiyo msomaji anayasikia yakigongana akipita. Nilikasirika, halafu nikaisoma tena kwa sauti, nikaona mtoto amesema kweli. Hata katika barua ni jambo lile lile la Otis: kizito, na nafasi isiyotakiwa kuwepo.

Sasa nizungumzie desturi ya kazi, maana hii mmeikuta imekufa na aliyeiua ni mimi. Kwa Otis, mteja akisema neno la mlio alikuwa haruhusiwi kuondoka kabla hajauiga kwa mdomo. Mwanasheria mwenye tai, shemasi, mwalimu mkuu, wote walisimama pale kaunta wakafanya ngu, au kdak, au kitu kama kikohozi cha mbuzi, masikio yamewaiva kwa aibu. Akishaiga, Otis humrudishia funguo za gari lake. Mteja anaendesha, fundi anakaa pembeni na kufumba macho. Hakuna redio. Anaendesha anavyoendesha siku zote, njia yake ya siku zote, na mizigo yake ya siku zote. Kama gari hubeba mbwa, mbwa huja. Otis alikuwa na kipande cha bomba la mpira, lile la hita, kirefu kama mkono, upande mmoja anauweka sikioni na mwingine anauelekeza sakafuni au mlangoni. Kipande hicho aliniachia. Kimo kwenye droo ya chini ya benchi langu, msikitupe mkidhani ni takataka.

Otis aliondoka kwenda kukaa na dada yake, mimi nikachukua benchi lake. Kwa muda niliendelea na desturi. Kisha wateja wakaongezeka, na mimi nikawa nimeshalijua neno. Mtu akisema clunk, kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaona kichwani kishikio cha injini, au bushi za mbele, au nati iliyolegea. Mara nyingi nilipatia. Hilo ndilo lililoniharibu. Nikaanza kuyajaribu magari peke yangu, mzunguko mmoja wa haraka hadi kwenye daraja dogo la karibu na kurudi.

Ndipo akaja Mzee Njoroge.

Alikuwa Mkenya, mtu wa Nyeri, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu hivi iliyopita, dereva wa kujitolea wa gari la kwaya ya kanisa lao. Lilikuwa gari refu la abiria, lile la viti vingi, ambalo kila Jumapili lilizunguka kuwakusanya waimbaji wa upande wetu na kuwavusha mto Potomac hadi kanisani Annandale. Alivaa suti kuliendesha. Alisimama kaunta, kofia mkononi.

"Fundi, hii gari iko na clunk," alisema. "Nikiingia kona na watu wangu. Clunk moja, halafu kimya."

Nikamwambia aache funguo. Nililizungusha peke yangu. Kimya. Nikalipandisha kwenye lifti, magurudumu yananing'inia, nikatikisa kila kinachotikisika. Shokapu nzima, bushi nzima, nati zote zimekaza. Nikamwambia hakuna kitu.

Baada ya wiki chache alirudi na maneno yale yale. Nami nikarudia mzunguko ule ule na jibu lile lile. Safari hii alikaa kwenye kiti cha wateja, akaivuta suruali ya suti magotini.

"Wewe unadhani ninaota?"

"Mzee wangu, gari likizeeka hutoa milio mingi. Mwili pia."

Nilisema kwa utani. Hakucheka.

Jumatatu yake alinipigia simu Mama Shiku, muuguzi, mwenyekiti wa kamati ya kwaya. Aliuliza kwa heshima, kwa ule mchanganyiko wao wa Nairobi. "Fundi, nataka uniambie ukweli, usini-comfort. Hiyo noise iko ama haiko?"

"Nimeangalia mara mbili. Sijaona kitu."

"Sisi hatuiskii vizuri kwa sababu tunaimba. Yeye anasema anaiskia kila Sunday. Sasa watu wanasema Mzee ameanza kuskia vitu. Tangu mkewe aende, ako tu na hiyo gari. Lakini nikishaambiwa na fundi mara mbili, siwezi kumwachia watu kumi na wawili. Jumamosi tunakaa kikao, tutachukua funguo."

Nilikata simu nikiwa nimesimama na kitambaa cha mafuta mkononi. Jibu langu la kivivu lilikuwa limetoka gerejini, likapanda hadi kwenye kikao, na huko lilikuwa linamtangaza mtu kwamba akili imemtoka. Na kama hakuwa anaota, basi kuna watu kumi na wawili waliokuwa wanapita juu ya mto mpana huku kitu kizito chini yao kinasogea na kufika. Sikujua lipi lilinitisha zaidi.

Nikampigia Otis. Nilimweleza yote, nikajigamba kidogo jinsi nilivyokagua kwa makini.

"Amesema linalia lini?" akauliza.

"Akiingia kona."

"Akiingia kona tu?"

Nikayarudia maneno ya Njoroge polepole, kama yalivyotoka. Nikiingia kona na watu wangu. Nilikuwa nimelishika lile neno clunk nikalitazama huku na huku kama fundi saa, na maneno mengine yote ya yule mzee nikayaacha kaunta.

"Haya," alisema Otis. "Tia watu."

Jumamosi kabla ya kikao chao walikuwa na mazoezi, katika ukumbi wa jirani, si mbali na gereji. Nilikwenda nimevaa ovaroli. Nikaomba kwaya nzima iingie garini kama Jumapili, kila mtu kiti chake. Mama Shiku alinitazama usoni kama anayenipima joto.

"Si ulisema hakuna kitu?"

"Nilisema. Nililijaribu tupu. Kosa ni langu, nataka kulijaribu lilivyo."

Waliingia kwa maneno mengi. Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa cha Papa Mbuyi, Mkongomani wa Lubumbashi, sauti ya chini ya kwaya, mtu wa kifua kipana.

"Mimi niko naikala huku nyuma tangu mwaka jana," alisema. "Ile kitu iko nanipiga ku mgongo, mi nilizani ni barabara ya Maryland."

"Ni wewe unaangusha gari, Papa. Punguza fufu, huo ugali wenu," Mama Shiku akamwambia.

"Na wewe chapati, maman. Kilo ni kilo, haina accent."

Mimi nilikaa sakafuni, katikati ya viti, mpira wa Otis sikioni. Njoroge aliwasha gari. Hakuwa amenisemesha tangu nilipofika. Nikawaomba wanyamaze.

"Kwaya inyamaze?" akasema Mama Shiku. "Hiyo sasa ni miujiza unataka."

Walinyamaza. Tuliteremka kuelekea lile daraja dogo, tukapita maduka ya matairi, tukafika pale ambapo barabara inakunja na lami ina bonde dogo. Njoroge akaingia kona kwa upole, kama mtu anayebeba uji. Nikaisikia. Nikaisikia pia kwa makalio, niwaambie ukweli. Ilikuwa nzito, ya chini, ikafa hapo hapo.

Kwaya ikalipuka kwa mjadala.

"Hiyo ndiyo. Umeskia? Imesema ko."

"Ko ni mlango. Ile imesema gdum."

"Non, non, gdum ni ngoma. Imesema kuk, moja tu, ku kushoto."

Kila mmoja aliiga yake, Wakenya kwa namna yao na Wakongomani kwa yao, na nikatambua kwamba hakuna aliyebisha mambo matatu: ilikuwa nzito, ilikuwa moja, na haikubaki hewani.

"Ni clunk," alisema Njoroge kutoka mbele, bila kugeuka. "Nimewaambia tangu Pasaka ni clunk."

Nikamwelekeza gerejini. Nilikuwa nimeshalifungua lile shimo la ukaguzi asubuhi, matairi nimeyasukuma pembeni. Gari likakaa juu ya shimo kwa magurudumu yake yenyewe, watu wake ndani, nikayazuia magurudumu kwa vipande vya mbao, Njoroge mguu juu ya breki. Nikashuka na taa.

Springi za nyuma za magari yale ni vyuma bapa virefu vilivyolaliana. Nilikuwa nimezitazama mara mbili, zikiwa zimening'inia hewani. Sasa zilikuwa zimebonyea chini ya uzito. Nikasogeza taa kwenye mwisho wa mbele wa springi ya kushoto, pale chuma cha juu kinapoingia kwenye kishikio chake na kujificha. Mstari mwembamba. Nikawaomba kwaya waegemee wote kushoto.

Niliwasikia wakiegemea, viti vikalia, mtu akacheka. Mstari ukafunguka kama mdomo. Ungeweza kuingiza sarafu. Nikawaomba warudi katikati, mdomo ukajifunga nusu.

"Shukeni mmoja mmoja," nikapaza sauti. "Anayekaa mbele aanze."

Kila aliyeshuka, ufa ulipungua kidogo. Nilibaki nimeushikilia mwanga pale pale, sikupepesa. Mtu, na ufa unapungua. Mtu, na unapungua. Mwisho alishuka Papa Mbuyi, gari likainuka kwa pumzi kubwa, na mstari ukatoweka kabisa. Kilichobaki ni chuma safi chenye vumbi, kile kile nilichokitazama mara mbili nikasema hakuna kitu.

Chuma kile kingekatika, ekseli ya nyuma ingeteleza upande mmoja, na gari likiwa darajani sina haja ya kuwamalizia sentensi. Nilipanda kutoka shimoni, nikamwita Mama Shiku, nikamwita Njoroge, nikaomba wote warudi wapande tena ili wawili hao wateremke waone wenyewe. Papa Mbuyi alinung'unika kwamba Jumamosi hii amepanda na kushuka kuliko Jumapili nzima, lakini alipanda. Njoroge alishuka na suti yake kwenye ngazi yenye mafuta. Alitazama ule ufa ukifunguka muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutazamwa.

"Mzee Njoroge," nikasema mbele ya Mama Shiku, "wewe ulisema sawa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikusikia. Na niliyomwambia huyu mama kwenye simu hayakuwa ya kweli."

Mama Shiku akasema, kwa sauti ya chini, "Mzee, tusamehe."

Springi mpya zilichukua siku chache kufika. Jumamosi iliyofuata Njoroge na Mama Shiku walikuja kulichukua gari. Nilikwenda nao mzunguko, Njoroge akiendesha, mimi pembeni yake, nimefumba macho kama zamani. Tuliingia ile kona yenye bonde. Hakuna kilichosogea. Tulirudi, akazima injini, akakaa kidogo na mikono juu ya usukani.

"Mama Shiku," alisema, "wewe uko na leseni ya kubeba watu?"

"Ninayo, Mzee. Ya kazini, ya kubeba wagonjwa."

"Basi. Hii macho yangu, jioni ikiingia mapema, mistari ya barabara naiona ikiwa mbili. Hiyo najua mwenyewe tangu mwaka jana."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema na ninyi mnasema ninaskia vitu? Mngechukua macho na maskio pamoja." Akachomoa funguo. "Maskio ni mazima. Fundi ameona."

Yule mama, aliyekuwa ameniuliza ukweli bila kutaka faraja, alinyoosha mkono. Njoroge aliziweka funguo juu ya kiganja chake, mkungu mzima, za gari na za kanisa na ya sanduku la vitabu vya nyimbo, chuma kingi kizito.

Nilitega sikio, kwa mazoea tu. Zilifika bila mlio wowote.